Duka la bondeni: jinsi ya kupanga ili mafuriko yakipita ufungue tena ndani ya siku saba

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha humwaga maji baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imefurika mara kwa mara, hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ikazama zaidi ya mara moja. Mwenye duka Kigogo, Mkwajuni, Mchikichini au Tandale anajua kwamba maji yatarudi. Mara nyingi anachokosa ni karatasi moja inayosema nani anabeba nini, kwa mpangilio gani, na hela ya kuanzia upya iko wapi.

Karatasi hiyo ina uzito kwa sababu duka la mtaani kwa kawaida haliuawi na maji yenyewe. Hufa wiki ya tatu. Kufikia hapo mtaji umeliwa na kodi ya pango na chakula cha nyumbani, msambazaji hatoi tena mali kauli, yaani mzigo wa kulipa baada ya kuuza, kwa kuwa wa zamani haujalipwa, na wateja wameshazoea duka la mtaa wa juu. Kwa hiyo karibu nusu ya kazi iliyoelezwa hapa hufanyika jua likiwaka.

Mwongozo huu ni kwa mwenye duka la vyakula la rejareja au jumla ndogo, mwenye friza moja au mbili, msaidizi mmoja au wawili na uwakala wa pesa za simu pembeni. Wa vifaa vya ujenzi, saluni au mashine ya kusaga atabadilisha bidhaa tu.

1. Tafuta alama ya maji

Waulize wapangaji wa zamani na majirani maji yalifika wapi katika mafuriko mabaya kuliko yote wanayokumbuka. Usiulize "mwaka jana" peke yake. Tazama pia ukuta wa nje: chokaa iliyobabuka na doa la tope huonyesha kimo hata baada ya miaka. Pima kutoka sakafuni mwako kwa tepu, ongeza sentimita 30, kisha chora mstari mwekundu wa rangi kuzunguka kuta zote za ndani. Huo ndio mstari wako, na kila uamuzi unaofuata unautegemea.

Mstari ukiwa chini ya sentimita 70, unaweza kuinua mali humo humo dukani. Ukiwa kati ya sentimita 70 na mita 1.2, inua bidhaa za thamani na panga kuhamisha nzito. Ukizidi mita 1.2, usijidanganye na shelfu: mali lazima itoke, na ni vyema kuanza kutafuta fremu nyingine kabla mkataba wa pango haujafika mwisho. Kulipa kodi kubwa kidogo mtaa wa juu mara nyingi ni nafuu kuliko kununua mtaji mzima upya kila baada ya miaka mitatu.

Wakati wa kupima, angalia na tundu la choo na shimo la maji machafu. Katika maduka mengi maji hutangulia kuingia kwa bomba la choo, yakiwa na kinyesi, kabla hayajafika mlangoni. Kiroba cha mchanga kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukandamizwa kwenye tundu huzuia sehemu kubwa ya hayo.

2. Inua mali, na punguza ya kuinua

Jukwaa la bei nafuu ni la matofali ya saruji ya unene wa inchi 6. Tofali moja lililokaa kwa kimo chake cha kawaida lina inchi 9. Kozi tatu, yaani safu tatu zilizopandana, ni inchi 27, yaani sentimita 68 hivi. Panga nguzo za matofali kila baada ya sentimita 60, laza juu yake mbao za mbili kwa nne, kisha paleti. Nguzo zikiachana zaidi ya hapo mbao hupinda, kwa kuwa mifuko ya kilo 50 iliyopandana mitano huweka zaidi ya kilo 600 kwenye mita moja ya mraba. Usiegemeze jukwaa ukutani. Acha nafasi ya kupitisha mkono ili ukuta upate hewa utakapolowa.

Shelfu za chipboard hazifai bondeni. Miguu ikilowa huvimba na kumeguka usiku, na bidhaa zilizokuwa salama juu huangukia majini. Tumia vyuma au mbao ngumu, na zifungwe ukutani kwa skrubu. Wala usipandishe magunia kwenye dari ya jipsamu. Dari hiyo haikujengwa kubeba mzigo.

Kuna vitu viwili ambavyo watu husahau kwamba huelea. Cha kwanza ni friza: ikiwa tupu au nusu tupu, maji ya magotini huinyanyua, huipindua na kuziba mlango nayo kwa ndani. Cha pili ni mtungi wa gesi. Mtungi wa kilo 6 au 15, hata ukiwa umejaa, ni mwepesi kuliko maji unayoyasukuma, kwa hiyo utaelea, utagongana na vitu na valvu inaweza kukatika. Funga mitungi yote kwa mnyororo kwenye ndoano iliyochimbiwa ukutani, na friza iwe juu ya jukwaa, imefungwa kwa kamba.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, nunua mali ya siku 5 badala ya siku 20. Utapoteza punguzo la kununua kwa wingi na utalipa nauli ya guta mara nyingi zaidi. Hiyo ni gharama halali, ihesabu kama bima. Duka lenye mifuko 20 sakafuni huokolewa na watu watatu kwa nusu saa. Lenye mifuko 120 haliokolewi na mtu.

3. Karatasi, namba na daftari la madeni

Piga picha, si nakala tu, za leseni ya biashara, cheti cha TIN, mkataba wa pango, hati ya bima, kitambulisho cha NIDA, namba ya mashine ya risiti za kodi, EFD, namba ya wakala na Lipa Namba, mita ya LUKU, na risiti za vifaa vikubwa. Risiti za EFD zimechapwa kwa joto na hufifia zenyewe ndani ya miezi, kwa hiyo zipige picha siku ile ile ya manunuzi. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, na mafuriko hayakuondolei wajibu huo. Jitumie picha hizo kwa barua pepe, na mpe nakala mtu mmoja wa familia anayekaa mtaa mwingine ulio juu. Shemeji wa nyumba ya pili hafai, maji yenu ni yale yale.

Daftari la madeni lipigwe picha kila Jumamosi jioni, ukurasa kwa ukurasa. Duka la mtaani linaweza kuwa na robo ya mtaji wake mikononi mwa wateja, na daftari likioza deni nalo limeoza. Kila mwisho wa mwezi hesabu mali yote, andika idadi na bei ya kununulia, piga picha. Bila hesabu hiyo hutaweza kumthibitishia mtu yeyote ulichopoteza, awe wa bima, wa benki au wa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Namba muhimu 20 ziandikwe kwenye karatasi iliyolaminetiwa: wasambazaji, fundi umeme, mwenye nyumba, afisa mtendaji wa mtaa, wenye guta na kirikuu wawili au watatu, Zimamoto na Uokoaji 114. Simu ikizama, kichwani zitabaki namba mbili.

Hatua hii na inayofuata zifanye hata kama hauko bondeni. Maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, ya tarehe 3 Desemba 2023, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 hayakumpa mtu muda wa kubeba mfuko hata mmoja. Katika maafa ya namna hiyo kinachobaki ni kile kilichokuwa mahali pengine tangu mwanzo.

4. Hela ya siku 14

Orodhesha gharama zinazoendelea hata duka likiwa limefungwa. Mfano: kodi ya pango 300,000 kwa mwezi, mishahara ya wasaidizi wawili 400,000, rejesho la mkopo 250,000, matumizi ya nyumbani 450,000. Jumla ni shilingi 1,400,000, sawa na takriban 46,700 kwa siku. Kwa siku 14 ni kama 653,000. Hicho ndicho kiasi cha chini kinachokuwezesha kufikiri bila kuuza friza. Ongeza juu yake hela ya kununulia bidhaa 15 za kwanza, ambazo tutazitaja mwishoni.

Hela hii isikae dukani, wala kwenye laini ya biashara, kwa sababu utaila. Ifungulie akaunti yake. Hisa za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, usizihesabu humu: hazitoki katikati ya mzunguko. Mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kusaidia, lakini soma katiba kwanza, kwani vikundi vingi huutoa kwa msiba na ugonjwa tu. Kama mafuriko hayatajwi, pelekeni hoja kwenye kikao kabla ya masika. Sehemu ndogo, tuseme 100,000, iwe noti ndogo ndogo nyumbani pakavu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu minara ya simu huishiwa betri, na siku hiyo Lipa Namba haikununulii hata mkate.

Kuhusu bima, uliza maswali matatu na utake majibu kwa maandishi. Je, mafuriko yametajwa kwa jina? Bima ya moto ya kawaida haimaanishi mafuriko mpaka yaongezwe. Je, thamani uliyokatia ni ya mali yote? Ukikatia milioni 10 wakati duka lina mali ya milioni 20, na ukapoteza ya milioni 4, unaweza kulipwa milioni 2 tu, kwa sababu uliweka bima ya nusu. Tatu, ni kiasi gani cha mwanzo unachobeba mwenyewe katika kila dai? Lipa ada kwa ukamilifu kabla bima haijaanza. Ada isipolipwa, hakuna bima.

5. Rangi za tahadhari na kazi ya kila rangi

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa siku tano wenye rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi huusoma, wakasema "Mungu atasaidia", wakaendelea kuuza. Andika kwenye karatasi, mkiwa mmetulia, kila rangi inamaanisha kazi gani dukani kwako, ili msaidizi asihitaji ruhusa yako.

Njano: usipokee mzigo mpya mkubwa. Chaji simu na pawabanki. Zibua mtaro wa mbele kwa mita 10 kila upande, kwa sababu chupa za plastiki mbele ya jirani yako ndizo zitakazoleta maji kwako.

Chungwa: kabla ya saa 12 jioni, kila kitu kiwe juu ya mstari mwekundu. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa 4 tu. Geuza noti za droo kuwa floti, yaani salio la laini ya uwakala, au ziweke benki. Pesa iliyo kwenye laini haichukuliwi na maji.

Nyekundu: mali iliyopangwa kutoka itoke mchana. Usiku hakuna mtu kulala dukani kulinda bidhaa. Hili halina mjadala.

Ongeza na kalenda ya mwezi. Mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa kwenye pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3, na bahari ikijaa mto hauna pa kumwaga. Kwa duka la Jangwani au Mkwajuni, chungwa ya siku za bamvua ichukuliwe kama nyekundu. Wavuvi wa Feri watakwambia saa za kujaa bila kufungua kitabu.

Mpangilio wa kubeba: kwanza vitu vyepesi vya bei kubwa, kama vocha, sigara, maziwa ya unga, betri na dawa za mbu. Pili EFD, mizani, simu za uwakala. Tatu unga, sukari, mchele, maharage. Kreti za soda mwisho. Fanyeni zoezi moja Februari na moja Septemba kwa kutumia saa. Kama kupandisha mifuko 40 kumewachukua saa moja na nusu, mtajua mnapaswa kuanza saa ngapi.

Mlango wa upana wa mita 1.2 unaweza kuzibwa hadi sentimita 40 kwa viroba 20 hadi 25 vya mchanga. Kila kiroba kijazwe nusu au theluthi mbili, maana kilichojaa kabisa hakilali na huacha matundu. Tandika nailoni nzito kwanza, kisha panga viroba kama tofali, kitako kikiwa kipana kuliko juu. Ukiona maji ya nje yanakaribia sentimita 60 huku ndani kukiwa kukavu, achia yaingie. Ukuta wa tofali haukujengwa kusukumwa upande mmoja na unaweza kuanguka mzima.

Chagua pia alama ya nje, labda kingo ya mtaro au ngazi ya msikiti, kwamba maji yakifika pale kubeba kumekwisha. Zima swichi kuu kama umesimama pakavu, funga gesi, ondokeni. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 huweza kuelesha gari dogo.

6. Siku ya kwanza ya kurudi

Usiingie kabla hujajua kwamba umeme umekatwa. Kama swichi kuu iko ndani na sakafu ina maji, usiiguse. Wasubiri TANESCO au fundi mwenye leseni. Vaa buti za mpira na glavu, na anayejeruhiwa na msumari aoshe kidonda kwa sabuni na aende kituo cha afya kwa chanjo ya pepopunda. Maji haya hubeba kipindupindu, na pia mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda, ule ugonjwa uliozuka Lindi mwaka 2022. Homa yoyote ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kusafisha, mwambie daktari kwamba ulishika maji ya mafuriko.

Kabla ya kusogeza chochote, piga picha na video. Anza na alama ya maji nje, kisha kila ukuta ukiwa na tepu iliyosimamishwa kuonyesha kimo, kisha kila rundo la mali kwa karibu hadi lebo isomeke. Watu hukosea hapa kwa uchungu: wanatupa kwanza, wanakumbuka bima baadaye. Mpigie wakala wa bima siku hiyo hiyo, muulize kama mkaguzi atakuja, na kama lazima utupe vitu vinavyooza kabla hajafika, omba ruhusa kwa ujumbe wa maandishi.

Mpigie pia msambazaji wako mkubwa siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie umepatwa na nini, umebakiwa na nini, na deni la mali kauli utalianza kulilipa lini na kwa kiasi gani kwa wiki. Anayepigiwa simu mapema huwa na subira. Anayekutafuta wiki mbili hupeleka mzigo kwa mwingine.

7. Kuchambua mali

Tenga mafungu matatu: ya kuuza, ya kusafisha, ya kuteketeza. Unga, sukari, mchele, maharage na chumvi vilivyoguswa na maji ni vya kuteketeza, hata kama nusu ya mfuko inaonekana kavu. Unyevu hupanda ndani ya mfuko na bakteria nao hupanda. Kuanika juani hakuui sumu kuvu, na ukiuza chakula hicho umemuuzia jirani ugonjwa. Soda na maji ya vizibo, mafuta ya kula ya mifuniko ya kuzungusha, maziwa ya paketi, dawa za binadamu na vipodozi pia vinakwenda, kwa kuwa tope hukaa chini ya kifuniko mahali ambapo klorini haifiki.

Makopo ya bati yasiyobonyea wala kuvimba wala kutu yanaweza kuoshwa kwa sabuni na kulowekwa dakika 15 kwenye maji ya klorini. Lakini lebo zitatoka, na bidhaa isiyo na lebo na tarehe haiuzwi. Yaandike kwa kalamu ya wino usiofutika, yawe ya nyumbani. Sabuni za mche, ndoo, sahani na vyombo vya plastiki huoshwa na kuuzwa kwa punguzo, mteja akiambiwa ukweli. Nguo na khanga zifuliwe ndani ya saa 48 kabla ukungu haujaota. Misumari na vyuma suuza maji safi, kausha, paka mafuta ya dizeli. Saruji iliyolowa imekwisha.

Usiteketeze peke yako. Mwite afisa afya wa kata au manispaa ashuhudie, atie saini na mhuri kwenye orodha ya vilivyoharibiwa. Chukua na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba eneo lilifurika na tarehe yake. Karatasi hizi mbili ndizo zitakazokusemea kwenye kila dirisha utakaloenda.

Vifaa vya umeme: usiwashe "kujaribu". Soketi, swichi na vikata umeme vilivyozama hubadilishwa, havikaushwi. Mota ya friza au ya mashine huoshwa kwa maji safi, hukaushwa siku kadhaa, kisha fundi huipima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye nyaya zake. Ikisoma chini ya megaohimu 1 isiunganishwe. Friza ambayo sponji ya ndani ya kuta imenyonya maji machafu haifai tena kwa chakula hata kama inagandisha. Simu iliyozama toa betri kama inatoka, usichaji. Kuizika kwenye mchele hakuna maana. Jenereta ikae nje kabisa, mita kadhaa kutoka mlangoni na madirishani, kwa sababu moshi wake huua watu wakiwa wamelala.

Daftari lililolowa usilifungue kurasa kwa nguvu. Lisimamishe wima kwenye upepo. Kama huna nafasi ya kulikausha ndani ya siku mbili, litie kwenye mfuko wa nailoni na uligandishe kwenye friza ya mtu. Barafu huzuia ukungu hadi upate muda.

8. Kusafisha kwa mpangilio

Toa tope likiwa bado bichi. Likikauka ni kazi mara tatu. Baada ya koleo, suuza kwa maji, kisha sugua kwa sabuni ya unga, suuza tena, ndipo uweke klorini. Ukimwaga klorini juu ya tope umepoteza hela, maana uchafu huimaliza nguvu kabla haijaua kijidudu.

Vipimo hivi ni kwa dawa ya kufulia ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo yako. Sakafu na kuta: mililita 500 kwenye ndoo ya lita 20. Meza, kabati na makopo yanayogusana na chakula: mililita 120 kwa lita 20. Ukungu ukutani: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Iache palowane dakika 10, kisha suuza. Changanya ya siku hiyo tu, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoka gesi ya sumu.

Ukuta wa tofali huchukua wiki nyingi kukauka ndani. Usipake rangi mapema, na usiegemeze mifuko kwake.

9. Fungua nusu duka

Lengo la siku ya tatu au ya nne ni meza moja mbele ya mlango. Bidhaa 15 ndizo zinazotakiwa na mtaa uliofurika: maji ya kunywa, vidonge vya kutibu maji, sabuni ya mche na ya unga, dawa ya klorini, unga, mchele, mafuta, chumvi, kiberiti, mishumaa, betri, tochi, pedi, nepi, vocha. Ziweke bei ya kawaida. Mtaa hukumbuka kwa miaka mingi nani alipandisha mshumaa usiku wa mafuriko. Mkopo toa, lakini weka kikomo kwa kila nyumba na uandike.

Kama unafungua kwa muda mahali pengine, leseni yako imetaja eneo. Mjulishe afisa biashara wa manispaa. Mizani iliyozama ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kupimia mteja. EFD iliyozama ipelekwe kwa msambazaji wake, na taarifa ya maandishi ifike TRA mara moja, huku ukiandika risiti za mkono utakazoziingiza baadaye. Kama unalipa kodi kwa makadirio, peleka makadirio yaliyorekebishwa ukiambatisha ile orodha yenye mhuri.

Benki au taasisi ya mkopo iendee kabla ya tarehe ya rejesho. Omba kupangiwa upya marejesho kwa miezi miwili au mitatu, na uliza riba ya kipindi hicho itahesabiwaje, kwa sababu kuahirisha si kusamehewa. Usichukue mkopo wa haraka wa simu kulipia rejesho la mkopo mwingine. Hapo ndipo biashara iliyonusurika maji hukamatwa.

10. Wiki mbili baadaye

Kaeni na wasaidizi nusu saa na karatasi ile ile mkononi. Kipi kilichelewa kupandishwa, namba gani haikupatikana, guta lipi halikuja. Sahihisheni hapo hapo, na nakala mpya iende kwa yule ndugu wa mtaa wa juu. Kama maji yalipita mstari mwekundu, pima doa jipya, ongeza sentimita 30, chora mwingine juu ya wa zamani na uandike tarehe pembeni yake.